Sura ya 5: Jambazi wa Saa ya Chakula

Katika karne ya 18, mkazi wa Edo, jiji ambalo sasa tunaliita Tokyo, alipokwenda kutazama kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, alikwenda kushinda. Maonyesho yalianza asubuhi na mapema, yakaisha jua likizama, kwa sababu kumbi zilikuwa za mbao na serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, iliogopa moto wa taa za usiku. Watazamaji walikaa chini, kwenye vizimba vidogo vilivyogawanywa kwa mbao, wake kwa waume, wazee kwa watoto. Humo walikula, walikunywa na kupiga soga, na walinyamaza pale tu alipotokea mtu wa kunyamaziwa. Kwa hiyo kila mchezo mrefu ulikuwa na sehemu za kutazama na sehemu za kufungua vyombo vya chakula. Katika tamthilia ya Kanadehon Chushingura, ambayo haikosi watu hata leo, sehemu ya kula ilikuwa tendo la 5.

Mwaka 1766 tendo hilo alipewa mwigizaji aitwaye Nakamura Nakazo. Wajapani humwita Nakazo wa kwanza, kwa kuwa katika kabuki jina hurithiwa kama shamba la ukoo, na baada yake wamekuja wengine waliolibeba. Alizaliwa Edo mwaka 1736, akafariki mwaka 1790. Wakati ule majina makubwa ya kabuki yalikuwa yameshaanza kupita kutoka baba kwenda kwa mwana, au kwa mtoto wa kupanga aliyechaguliwa kwa uangalifu. Nakazo hakuwa na baba wa kumpa jina lolote. Alikuwa yatima.

Akiwa bado mdogo sana alichukuliwa na mwimbaji wa nagauta, zile nyimbo ndefu zinazosindikiza ngoma za kabuki, aliyeitwa Nakayama Kojuro. Mke wa Kojuro, Oshun, alikuwa mwalimu wa ngoma wa mtindo wa Shigayama, mmoja kati ya mitindo mikongwe kabisa ya ngoma za jukwaani nchini Japani. Mtoto akafundwa ngoma katika nyumba hiyo, na mafunzo yalikuwa makali. Nayasisitiza mafunzo hayo kwa sababu ndiyo urithi pekee alioupata. Wenzake waliozaliwa katika koo za waigizaji walirithi majina, walinzi, mashabiki wa baba zao na sehemu za mchezo zilizowekwa akiba kwa ajili yao. Yeye alirithi namna ya kusimama, namna ya kugeuza shingo, na namna ya kuweka uzito wa mwili kwenye mguu mmoja bila kuyumba. Alipoanza kazi ukumbini alikuwa chini ya mwalimu Nakamura Denkuro wa pili, na katika ujana wake aliwahi kuacha jukwaa kwa miaka kadhaa. Aliporudi alikuta foleni imeshasonga mbele, naye akaanzia mkiani.

Mkia huo ulikuwa mrefu. Waigizaji wa Edo walipangwa kwa madaraja. Chini kabisa walikuwepo inari-machi, walioitwa hivyo kwa sababu chumba chao cha kuvalia kilikuwa karibu na madhabahu ya Inari, mungu wa mpunga na ustawi, iliyojengwa ndani ya ukumbi. Juu yao walikuwepo wa daraja la chudori, kisha aichu, na kileleni nadai, yaani wale ambao majina yao yaliandikwa kwenye mbao zilizotundikwa mbele ya ukumbi ili mpita njia ajue nani anacheza leo. Kanuni hazikumkataza mtu wa chini kupanda, lakini karibu kila kitu kingine kilimzuia. Sehemu nzuri za mchezo ziligawiwa kwa daraja, na daraja lilipatikana kwa kuonekana katika sehemu nzuri. Aliyezaliwa nje ya duara hilo angeweza kucheza miaka 40 asitamke sentensi 10.

Na walifanya nini hao wa chini? Walifanya karibu kila kitu ambacho macho ya mtazamaji hukipitia juu juu. Walikuwa askari wanaokuja kumkamata shujaa, wanaorushwa mmoja mmoja kwa mkono wake mmoja. Kumbe anayerushwa ndiye anayejirusha: anapiga sarakasi hewani na kutua juu ya mbao ngumu kwa mdundo wa ngoma, huku shujaa akigusa upanga tu. Walikuwa wapita njia, wabeba mizigo, wahudumu wa nyumba za starehe. Walikuwa miguu ya farasi. Farasi wa kabuki ni mavazi yenye watu 2 ndani, mmoja mbele na mmoja nyuma, na nyota huketi juu yao akiwa na deraya na mapanga yake yote. Wa mbele huona kidogo, wa nyuma haoni kitu. Wanaofanya kazi hiyo hulipwa nyongeza, na tangu zamani nyongeza hiyo inaitwa pesa ya majani ya farasi.

Kuna kazi nyingine ninayoiona nzito kuliko hizo zote. Mwanafunzi hupiga magoti nyuma ya mwalimu wake, jukwaani, mbele ya watu wote, naye anatakiwa asionekane. Humpa upepeo wakati unaofaa, humwekea kigoda pale anapotaka kukaa, huvuta nyuzi za vazi la juu ili lidondoke kwa mkupuo mmoja na la chini lijitokeze. Lazima aujue mchezo mzima kwa moyo, maneno na mapigo, kwa sababu mwalimu akisahau yeye ndiye atakayemnong'oneza. Kwa njia hiyo watu wa chini walikuwa wanaujua mchezo kuliko hadhira, na mara nyingine kuliko waliokuwa wakiucheza. Ujuzi huo haukuandikwa kwenye ubao wowote.

Maisha ya Nakazo katika vyumba vya chini hayakuwa na raha. Kijana mwenye ngoma nzuri asiye na ukoo alikuwa mawindo mepesi, na wenzake walimtesa. Tunalijua hilo kwa kuwa yeye, tofauti na wengi wa tabaka lake, aliandika. Aliacha shajara na kumbukumbu za maisha yake, na humo ukumbi wa Edo unaonekana kwa jicho la mtu aliyeupanda kutoka sakafuni.

Aliyemvuta mkono alikuwa Ichikawa Danjuro wa nne, mwenye jina kubwa kuliko yote katika kabuki ya Edo. Wasimuliaji wa rakugo, ile sanaa ya mtu mmoja anayekaa kwenye mto na kusimulia hadithi kwa sauti za wahusika wote, wana kisa chao kuhusu mwanzo wa jambo hilo. Wanasema Nakazo alipewa sehemu ya mjumbe anayeingia mbio na kutoa taarifa fupi kwa bwana, na bwana alichezwa na Danjuro. Alipofika jukwaani maneno yakamtoka kichwani. Badala ya kusimama akitetemeka, alimsogelea Danjuro, akainama sikioni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba amesahau maneno. Danjuro akatikisa kichwa kama aliyepokea habari nzito, akamruhusu aondoke, mchezo ukaendelea. Wote walingoja kijana afukuzwe. Danjuro alimwita akamsifu, kwa kuwa aliulinda mchezo kabla ya kujilinda mwenyewe. Sidhani kisa hiki kilitokea hivyo hasa. Lakini ni kweli kwamba Danjuro wa nne alikuwa akiwakusanya waigizaji nyumbani kwake Kiba, mtaa wa wafanyabiashara wa mbao katika Edo, wakichambua michezo na namna ya kuicheza, na kwamba Nakazo alikuwa mmoja wao. Nyota aliyefungua nyumba yake kwa vijana na kuwauliza kwa nini mhusika fulani anafanya hivi na si vile alikuwa mtu adimu.

Hatimaye Nakazo alifika daraja la nadai. Msimu wa vuli wa mwaka 1766 ukumbi wa Ichimura, mmoja wa kumbi 3 zilizokuwa na kibali cha serikali mjini Edo, ulitangaza Kanadehon Chushingura.

Tamthilia hiyo ilikuwa na miaka 18 tu. Iliandikwa Osaka mwaka 1748 na Takeda Izumo wa pili, Miyoshi Shoraku na Namiki Senryu kwa ajili ya vikaragosi, na baada ya muda mfupi waigizaji wa kabuki wakaichukua. Inatokana na tukio la kweli. Mwaka 1701 bwana mmoja kijana alimkata kwa upanga ofisa wa itifaki ndani ya ngome ya shogun, akaamriwa kujiua siku ileile. Ukoo wake ukafutwa na samurai wake wakabaki bila bwana wala mshahara. Takriban miaka 2 baadaye, 47 kati yao wakavamia nyumba ya ofisa huyo na kukichukua kichwa chake. Kwa kuwa ilikatazwa kuonyesha jukwaani mambo ya watawala wa wakati huo, waandishi waliyarudisha matukio hadi karne ya 14 na kubadili majina.

Mchezo una matendo 11, na katika mengi kati yake kuna nyota wa kutosha. Tendo la 5 ni barabara ya Yamazaki, usiku, mvua. Mzee Yoichibei anarudi nyumbani akiwa na mfuko wa ryo 50 za dhahabu. Fedha hizo ni malipo ya awali ya danguro la Gion, kwa kuwa binti yake Okaru amekubali kuuzwa ili mumewe Kanpei, samurai aliyemkosea bwana wake, apate cha kuchangia katika mpango wa kisasi na kurudishiwa heshima yake. Njiani anatokea jambazi Ono Sadakuro, anamuua mzee na kuchukua mfuko. Muda si muda Kanpei, ambaye sasa anaishi kwa kuwinda, anafyatua bunduki gizani akilenga nguruwe mwitu, na risasi inampata Sadakuro. Kanpei anapapasa, anagusa mwili wa mtu, anagusa mfuko. Anauchukua na kukimbia. Katika tendo linalofuata ataamini kwamba amemuua baba mkwe wake, naye atajiua kabla ukweli haujajulikana.

Kwa maneno mengine, Sadakuro ni msumari unaoshikilia mkasa wote wa Kanpei. Lakini mwaka 1766 hakuna aliyemwona hivyo. Alikuwa jambazi wa porini tu, na alivalishwa kama jambazi wa porini: joho nene lililojazwa pamba, kofia, uso wa rangi nyekundu, sura ya mtu wa milimani. Sehemu hiyo ilipewa mwigizaji wa kawaida, na watazamaji waliitumia kula.

Nadai mpya kupewa Sadakuro peke yake, bila sehemu nyingine yoyote katika mchezo wenye matendo 11, ilikuwa sawa na kupigwa kofi. Inasimuliwa kwamba Kanai Sansho, mwandishi mkuu wa ukumbi, alikuwa na ugomvi na Nakazo na alifanya hivyo kumtia adabu. Wasimuliaji huongeza kwamba Nakazo alirudi nyumbani akitaka kuikataa kazi hiyo, na mkewe Okishi akamwambia kwamba huenda wamempa Sadakuro kwa sababu wanataka kuona Sadakuro ambaye hajawahi kuonekana. Iwe ni maneno yake au ya wasimuliaji, shauri hilo lina akili.

Hadithi inayopendwa zaidi ni ile ya mvua. Nakazo anakwenda kuomba dua kwa siku kadhaa katika hekalu la Myoken upande wa Honjo. Siku ya mwisho mvua inamkuta njiani, anajibanza kwenye kibanda cha tambi. Mara anaingia samurai wa hadhi, hatamoto, aliyelowa chepechepe. Amevaa kimono nyeusi yenye nembo ya ukoo, iliyochakaa kidogo. Ameikunja na kuichomeka kiunoni, mapaja yako nje. Kichwa chake, ambacho samurai hunyoa mbele, kimeota nywele za siku nyingi. Upanga uko kwenye ala nyekundu. Anautupa mwavuli wake wa karatasi uliochanika, anakamua mikono ya kimono, maji yanachuruzika. Nakazo anamtazama, na hapo anamwona Sadakuro.

Naipenda hadithi hiyo, ila nadhani inampunja Nakazo. Inamfanya awe mtu wa bahati aliyepita pale mvua iliponyesha. Mimi naamini jibu lilikuwemo ndani ya maandishi ya mchezo wenyewe, na kwamba mtu aliyezoea kuhojiwa nyumbani kwa Danjuro asingeshindwa kuliona. Sadakuro ni mtoto wa nani? Ni mwana wa Ono Kudayu, na Kudayu ni mmoja wa maofisa wakuu wa bwana aliyekufa, mwenye mshahara mnono, anayeonekana katika tendo la 4 akitaka fedha za ukoo zigawanywe haraka na watu watawanyike. Kwa hiyo mwanawe alikulia katika nyumba ya samurai, akijua kuvaa, kukaa na kushika upanga. Nyumba ya bwana ilipovunjika hajageuka kuwa mkata kuni. Amegeuka kijana wa ukoo mzuri aliyebaki na kimono moja ya heshima na anayekaba watu njiani. Joho la pamba na uso mwekundu vilikuwa uongo. Waigizaji wengi waliicheza sehemu hiyo kabla ya 1766, na maandishi yalikuwa yaleyale.

Na mtu akishakubali hilo, mengine yote yanajipanga. Jambazi wa milimani anatisha kwa sababu hatumjui. Kijana huyu anatisha kwa sababu tunamjua. Kila mmoja katika ukumbi wa Edo alikuwa amewaona samurai wasio na kazi, wenye mapanga 2 kiunoni na tumbo tupu. Zaidi ya hayo, akina Kanpei na Sadakuro sasa ni watu wa namna moja, vijana 2 wa nyumba moja iliyoanguka, mmoja akiuza kila alichonacho ili arudi kwa wenzake, mwingine akichukua cha kila anayepita. Wanakutana gizani kwa sekunde chache na hawaonani.

Nakazo akajipaka rangi nyeupe uso na mwili, kama wapakwavyo vijana watanashati wa jukwaani, akavaa kimono nyeusi yenye nembo, akashika mwavuli uliochanika. Inasemekana alificha mpango wake hadi dakika ya mwisho ili asikatazwe, na kwamba alijimwagia maji ndoo nzima kabla ya kuingia, hata matone yakaruka kwa waliokaa karibu na njia ya waigizaji inayokatiza katikati ya watazamaji. Kabuki ina desturi ya kupaza sauti: shabiki huita jina la nyumba ya mwigizaji anapofanya jambo zuri. Nyumba ya Nakazo iliitwa Sakaeya. Siku hiyo, wasimuliaji wanasema, hakuna aliyeita. Vijiti vya kulia vilisimama hewani. Nakazo alisikia kimya, akadhani ameharibu. Akaenda nyumbani kufunga virago aondoke Edo kwenda kujaribu maisha upande wa Osaka. Njiani akamsikia mzee mmoja akiwaeleza watu kwamba leo ameona Sadakuro ambaye wajukuu wake watasimuliwa. Kisha akaitwa na mwalimu wake Denkuro. Alikwenda akijua anakwenda kukemewa, akapewa zawadi ya kifuko cha tumbaku.

Tuyaache mapambo ya wasimuliaji. Lisilo na shaka ni kwamba mtindo wa Nakazo ndio ulioshika, na joho la pamba likaachwa na wengi. Mchoraji Katsukawa Shunsho, aliyekuwa akibadilisha sanaa ya picha za waigizaji katika miaka hiyohiyo kwa kuwapa sura zao wenyewe badala ya sura moja ya kila mtu, alimchora Nakazo kama Sadakuro, na chapa za aina hiyo zimehifadhiwa hata katika majumba ya makumbusho ya Chicago na Boston. Karatasi ni nyembamba, urefu kama wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Weusi wa kimono umeshika sehemu kubwa, na chini yake miguu myeupe imetokeza mitupu. Ukimtazama usoni unaona pua yake na macho yake, na unatambua kwamba huyu ni mtu fulani. Picha za namna hii zilinunuliwa na watu wa kawaida kwa bei ndogo. Mwigizaji wa saa ya chakula alikuwa amefika ukutani mwa nyumba zao.

Anavyochezwa leo, baada ya vizazi vya waigizaji kuongeza na kupunguza, Sadakuro ni somo la ubahili. Yoichibei anapumzika kando ya mabunda ya mpunga yaliyoanikwa. Mkono mweupe unatokeza katikati ya mabunda na kuuvuta mfuko. Upanga unafuata. Mzee anaanguka, na ndipo kijana anajitokeza, anapangusa upanga, anakamua nguo iliyolowa, anaupapasa mfuko na kuhesabu. Katika tendo zima anatamka kitu kimoja tu, kiasi cha fedha, kwa sauti nzito ya kuridhika. Basi. Yaliyobaki ni mwili, na hapo ndipo unaelewa kwa nini kazi hii iliangukia mikono ya mtu aliyefunzwa ngoma ya Shigayama tangu utotoni. Anafungua mwavuli, anaondoka. Nguruwe anatimka kumwelekea. Anajificha nyuma ya mabunda, nguruwe anapita, anatoka tena, na bunduki inalia. Mwigizaji ana ganda la yai mdomoni lenye rangi nyekundu. Analivunja kwa meno, na damu inadondoka kutoka kidevuni hadi kwenye paja lake jeupe, tone kwa tone. Anabaki ameganda, mweusi, mweupe, mwekundu, kisha anaanguka. Tangu anatokeza mkono hadi anakufa ni dakika chache mno.

Baada ya hapo Nakazo hakuhitaji tena kusubiri makombo. Mwaka 1784, katika ukumbi wa Kiri, alicheza kwa mara ya kwanza Sekibei, mlinzi wa kituo cha mpakani katika mchezo wa ngoma unaojulikana kwa ufupi kama Seki no To. Mlinzi huyo mlevi na mcheshi anageuka kuwa Otomo no Kuronushi, mwenye njama ya kuipindua nchi, anayetaka kuukata mcheri kwa shoka na kukabiliwa na roho ya mti huo. Mwaka 1788 akawa mmoja wa wabeba machela 2 katika Modorikago, mchezo wa Sakurada Jisuke, pamoja na Matsumoto Koshiro wa nne. Michezo yote miwili bado inachezwa. Angalia watu aliowachagua: mlinzi wa lango, mbeba machela. Wahusika wake wanaingia kama watumishi, na mchezo unapokwisha umegundua kwamba nchi nzima ilikuwa mikononi mwao.

Waigizaji wa pembeni wa leo wana milango ambayo yeye hakuwa nayo. Mwaka 1970 Ukumbi wa Taifa wa Japani, mjini Tokyo, ulianza kufundisha vijana wasio na ukoo wowote wa kabuki, na sasa takriban theluthi moja ya waigizaji wote wa kabuki wametoka katika mafunzo hayo. Mmoja wa walimu wake wakuu alikuwa Nakamura Matagoro wa pili, aliyeishi kuanzia 1914 hadi 2009, bingwa wa sehemu za pembeni. Mwandishi wa riwaya Ikenami Shotaro alimtazama yeye alipomuumba mzee wake mpiga upanga Akiyama Kohei, mmoja wa wahusika wanaopendwa sana na wasomaji wa Japani. Mwaka 1997 serikali ilimtangaza Matagoro kuwa hazina hai ya taifa, na cheo chake kilitaja waziwazi uigizaji wa pembeni. Hakupewa kama faraja kwa kukosa kuwa shujaa. Sawamura Tanosuke wa sita alifuata mwaka 2002, na mwaka 2016 Nakamura Tozo wa sita, ambaye baba yake alikuwa daktari. Sheria ya nchi inakubali kwamba kucheza baba wa shujaa, mama mkwe, ofisa mnafiki au mzee anayeuawa njiani ni sanaa yenye mbinu zake, inayoweza kupotea isipofundishwa.

Hata hivyo daraja halijafutika. Kuna mtihani wa kuingia nadai, na anayefaulu bado anahitaji mwalimu wake na kampuni wakubali kumtangaza kwa jina hilo. Sadakuro, aliyewahi kuwa adhabu, sasa ni sehemu ya nyota. Vijana wa koo kubwa huisubiri kwa hamu, na mwanafunzi wa vyumba vya chini anayemkabidhi nyota huyo mwavuli kabla ya kuingia jukwaani anaweza kustaafu bila kuushika kwa ajili yake mwenyewe. Hilo linaniuma, kwa sababu sehemu hii iliokolewa na mtu aliyetoka vyumba hivyohivyo.

Zinabaki sehemu 2 katika tendo la 5 ambazo bado ni za watu wa pembeni. Moja ni Yoichibei, ambaye mara nyingi hupewa mkongwe mwenye uzoefu, kwa kuwa hadhira lazima impende mzee ndani ya dakika chache ili kifo chake kiwe na maana. Nyingine ni nguruwe. Ndani ya ngozi ile yumo mtu mmoja, ameinama, mikono na magoti yamekunjwa, anakimbia karibu bila kuona. Lazima apite pale pale, kwa mdundo ule ule, kila siku kwa muda wa karibu mwezi mzima wa maonyesho. Akichelewa hatua mbili, Sadakuro hana sababu ya kurudi kwenye mabunda ya mpunga na Kanpei hana cha kulenga.